Kusasisha, Kupandisha na Kuhamisha: Vitenzi vya Mabadiliko katika Programu Huria

Mfasiri wa matini za kompyuta hukutana mara kwa mara na taarifa ya aina moja: mradi fulani wa programu huria umetoka toleo moja na kwenda toleo jingine, na wakati huohuo utaratibu wa kuiunda na kuijaribu programu hiyo umeondolewa katika huduma moja na kupelekwa katika nyingine. Taarifa yenyewe aghalabu ni fupi, pengine aya mbili au tatu, lakini imesheheni vitenzi ambavyo kila kimoja kina ahadi yake kwa msomaji. Kitenzi kikichaguliwa vibaya, msomaji huahidiwa jambo ambalo programu haitalitimiza, naye hubofya, hupoteza siku nzima ya kazi, kisha huilaumu programu kwa kosa la lugha. Makala haya yanavichambua vitenzi hivyo pamoja na nomino chache zinazoandamana navyo. Mfano mkuu ni lugha ya programu iitwayo Python, kwa kuwa historia yake iko wazi na mabadiliko yake yamewagusa watu wengi, wakiwemo walioandika kamusi za mtandaoni.

Tuanze na jina lenyewe. Python haifasiriwi kuwa chatu. Guido van Rossum, Mholanzi aliyeitoa lugha hiyo kwa umma mwaka 1991, alilichukua jina kutoka kwa kikundi cha wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python. Utani huo umeendelea kuzaa majina: hazina ya programu za Python iliwahi kuitwa kwa utani duka la jibini, kwa kufuata igizo la kikundi hicho, na kifurushi kilicho tayari kusakinishwa kikapewa jina la kipande cha jibini cha duara, ambalo kwa Kiingereza ni neno lilelile la gurudumu. Mfasiri anayeandika kwamba mradi “umetoa magurudumu mapya” amefasiri neno na kuuacha utani nje. “Vifurushi vilivyokwisha kuundwa” husema kilichopo bila kumbabaisha mtu.

Neno “huria” nalo lina mipaka yake. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi, na leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza. Haimaanishi “ya bure”, ijapokuwa nyingi hupatikana bila malipo. Tofauti hii ina uzito katika habari ya kuhama, kama tutakavyoona, kwa sababu mradi unaweza kuwa huria kabisa ilhali mitambo inayouunda ni mali ya kampuni yenye haki ya kudai malipo.

Kusasisha, kuboresha, kupandisha

Vitenzi “kusasisha” na “kuboresha” vimeundwa kwa njia moja. Kiswahili huchukua neno lisilo kitenzi na kulipa kiambishi cha kusababisha: safi huzaa safisha, sahihi huzaa sahihisha, imara huzaa imarisha. Vivyo hivyo sasa huzaa sasisha, na bora huzaa boresha. Tofauti ya -isha na -esha inatokana na upatanifu wa irabu na haina athari yoyote katika maana. Maana imo katika mzizi: kusasisha ni kukifanya kitu kiende na wakati, na kuboresha ni kukifanya kiwe bora.

Kiingereza kina maneno mawili mashuhuri hapa. La kwanza hutumika kwa mabadiliko madogo yanayorekebisha dosari na kuziba mianya ya usalama. La pili kwa kuondoka daraja moja na kwenda daraja la juu. Kusasisha linafaa vizuri sana kwa lile la kwanza na limekwisha kuzoeleka katika simu za watu. Tatizo liko kwa lile la pili, ambalo mara nyingi hufasiriwa “kuboresha”. Mimi naona tafsiri hiyo ni sahihi katika tangazo la biashara na ni hatari katika mwongozo wa kiufundi. Anayeambiwa “boresha” haelewi kwamba anaweza kuvunja kitu.

Python ni ushahidi mzuri. Toleo la 3.0 lilitoka Desemba 2008, na waliolitengeneza walisema wazi kwamba halipatani na matoleo ya awali. Hapakuwa na uficho wowote: programu nyingi zilizoandikwa kwa toleo la 2 hazingeweza kuendeshwa na toleo la 3 bila kuguswa. Amri ya kuchapisha maneno kwenye skrini ilidai mabano ambayo zamani hayakuhitajika. Ugawaji wa namba ulibadilika pia: katika toleo la 2, tatu ikigawanywa kwa mbili jibu lilikuwa 1, kwa kuwa namba nzima ilizaa namba nzima; katika toleo la 3 jibu ni 1.5. Programu iliyotegemea jibu la zamani haikutoa onyo lolote. Iliendelea kufanya kazi na kutoa hesabu tofauti, jambo ambalo ni baya kuliko kusimama.

Lakini badiliko lililowaumiza wengi zaidi lilihusu maandishi, na hilo ndilo linalowahusu zaidi wasomaji wa tovuti ya lugha. Katika toleo la 2, mfuatano wa kawaida wa maandishi ulikuwa kwa hakika mfuatano wa baiti. Kompyuta haikutofautisha herufi na baiti zinazoiwakilisha. Kwa Kiingereza cha kawaida dosari hiyo haikuonekana, kwa maana kila herufi ilikaa ndani ya baiti moja. Kwa Kiswahili pia haikuonekana kwa urahisi, kwa sababu maandishi yetu ya Kilatini hayana alama juu ya herufi. Mtu angeweza kudhani tumesalimika, kumbe sivyo. Chukua neno “ng’ombe” lililoandikwa kwa kibainishi kilichopinda, kile ambacho programu za kuandikia hukiweka zenyewe. Kwa jicho la msomaji lina alama saba. Katika usimbaji wa UTF-8, kibainishi hicho kilichopinda peke yake huchukua baiti tatu, kwa hiyo neno zima lina baiti tisa. Python ya toleo la 2, ikiulizwa urefu wa neno hilo lililohifadhiwa kama baiti, hujibu 9. Toleo la 3 hujibu 7. Kwa kibainishi kilichonyooka, majibu yote mawili ni 7. Kamusi iliyokuwa ikikata maneno kwa kuhesabu nafasi ingeweza kukikata kibainishi katikati na kuacha takataka. Na hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambamo kila herufi huchukua baiti mbili katika usimbaji huohuo, zingeathirika tangu neno la kwanza.

Toleo la 3 lilitenganisha mambo hayo mawili: maandishi ni maandishi, baiti ni baiti, na anayetaka kutoka upande mmoja kwenda wa pili sharti aseme. Hilo ni jambo jema. Hata hivyo halikuwa “kuboresha” kwa maana ya kubofya na kusahau. Watunzaji wa miradi walilazimika kupitia msimbo wao mstari kwa mstari. Toleo la 2.7, lililotoka mwaka 2010, lilipangiwa kukoma mwaka 2015. Mwaka 2014 muda ukasogezwa, na msaada ukakoma rasmi tarehe 1 Januari 2020. Toka 2008 hadi 2020 ni zaidi ya miaka kumi na moja. Hakuna mtu anayehitaji muda huo kupokea kitu kilicho bora tu.

Kwa hiyo tunapendekeza “kupandisha toleo” au, pale ambapo mradi wenyewe ndio kiima, “kupanda hadi toleo”. Watumishi wa umma wanalijua vizuri jambo la kupandishwa daraja: mshahara huongezeka, lakini huja na majukumu mapya, na pengine kituo kipya cha kazi. Kitenzi hakiahidi raha. Sentensi “Watunzaji wameupandisha mradi hadi Python 3” inamwandaa msomaji kuuliza ni nini kilichobadilika, ilhali “Watunzaji wameuboresha mradi” inamlaza usingizi. Pale ambapo taarifa inasema kwa dhati kwamba programu imekuwa ya kasi zaidi au rahisi zaidi kutumia, hapo “kuboresha” ni haki yake.

Kuunda na kujenga

Msimbo ulioandikwa na mtu bado si programu anayoweza kuitumia jirani yake. Kazi ya kuutoa katika hali ya maandishi na kuufanya kifurushi kinachosakinishwa huitwa na wafasiri wengine “kujenga”, na wengine “kuunda”. Tunachagua “kuunda” bila kusita, na sababu yake iko pwani. Waashi hujenga nyumba mahali itakapokaa, na haitaondoka hapo. Mafundi wa vyombo huunda jahazi mahali pamoja ili liende pengine: huleta mbao, hupanga mataruma, hugongomea misumari, hukalafati mianya, hukagua iwapo linavuja, ndipo hulishua majini. Programu iko karibu na jahazi kuliko nyumba. Huundwa katika kompyuta moja ili iende ikatumike katika kompyuta nyingine elfu.

(Wapo wanaoona kwamba “kushua” lingefaa kwa hatua ya mwisho, ya kuiweka programu mikononi mwa watumiaji. Ni neno zuri, ila mbali na pwani wasomaji wengi hawalijui. Kwa sasa “kutoa” na “kuchapisha” yanatosha.)

Tahadhari moja kwa wanaofasiri habari za Python: katika lugha nyingine, kuunda humaanisha hasa kuugeuza msimbo kuwa lugha ya mashine. Mradi ulioandikwa kwa Python tupu hauhitaji hatua hiyo kabla ya kusambazwa. Kuunda kwake ni kufungasha. Ila miradi iliyochanganya Python na lugha ya C huhitaji yote mawili. Zana za kufungasha nazo zimebadilika. Kwa miaka mingi maelekezo yaliandikwa katika faili la setup.py kwa kutegemea maktaba iliyokuja pamoja na Python, iitwayo distutils. Maktaba hiyo iliondolewa kabisa katika toleo la 3.12, mwaka 2023, na miradi mingi sasa huweka maelezo yake katika faili la pyproject.toml. Majina ya mafaili, kama majina ya amri, hayafasiriwi wala hayaanzi kwa herufi kubwa hata yakifungua sentensi. Ni afadhali kuipanga sentensi upya.

Bomba lisilo bomba

Miradi ya leo haiundwi kwa mkono. Mchangiaji akituma badiliko lake, seva hulipokea, huleta msimbo wote, husakinisha vitegemezi (yaani maktaba na programu nyingine ambazo mradi hauwezi kwenda bila hizo), huunda, huendesha majaribio, na majaribio yote yakifaulu hufungasha. Kiingereza huuita mtiririko huu kwa jina la bomba la mafuta, na tafsiri sisisi ipo: “bomba la uundaji”. Kisarufi haina kasoro, lakini tunaikataa.

Bomba, kwa mzungumzaji wa Kiswahili, ni njia ya kupitishia kitu kisichobadilika. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga limekusudiwa kutoa mafuta ghafi yaleyale yaliyoingizwa. Hapa kinachoingia ni maandishi ya mtu na kinachotoka ni kifurushi, au onyo kwamba kifurushi hakikupatikana. Na kila hatua ina mamlaka ya kuzizuia zinazofuata. Tena “bomba” lina matumizi ya mitaani ya kusifu kitu, na kichwa cha habari kinachosema “Uundaji bomba” kitachekesha pasipotakiwa kicheko. “Mfululizo wa uundaji” unaeleza kwamba kuna hatua, kwamba zina mpangilio, na kwamba moja hutangulia nyingine. “Mkondo wa uundaji” unakubalika pia, ingawa mkondo haukatiki kwa urahisi, ilhali mfululizo hukatika. Na kukatika ndiyo kazi yake kubwa.

Kuhama, kuhamia, kuhamisha

Hapa sarufi ya Kiswahili ina utajiri ambao Kiingereza hakina, na ni aibu kuuacha ghalani. Kitenzi kimoja hutupatia: kuhama mahali, kuhamia mahali, kuhamisha kitu, kuhamishia kitu mahali. “Serikali imehama Dar es Salaam” na “Serikali imehamia Dodoma” ni habari za tukio moja, lakini ya kwanza inatazama kilichoachwa na ya pili inatazama kilichofikiwa. Mfasiri aamue taarifa inatazama wapi. Nomino “uhamiaji” tungeiepuka, kwa kuwa msomaji hufikiria pasipoti kwanza. “Uhamishaji” ni bora kwa kitu kinachohamishwa, na “kuhama” lenyewe hutumika vizuri kama nomino.

Mradi wa Python umehama mara kadhaa. Msimbo wake ulitoka CVS kwenda Subversion mwaka 2005, ukaenda Mercurial mwaka 2011, na Februari 2017 ukahamishiwa GitHub. Orodha ya dosari zilizoripotiwa ikafuata mwaka 2022. Katika safari hizo kitenzi “kuhamisha” kinastahili kabisa. Kilichochukuliwa ni historia yote: kila badiliko, aliyelifanya na tarehe yake. Mtu anaweza leo kufungua hazina hiyo na kusoma mabadiliko ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, kama mhamaji aliyefika na kasha la barua za babu yake.

Kuhama kwa mfululizo wa uundaji ni jambo la namna nyingine. Travis CI, huduma iliyoanzishwa Berlin mwaka 2011, iliiundia na kuijaribu miradi huria bila malipo, na ikawa makao ya miradi mingi mno. Januari 2019 ilinunuliwa na kampuni ya Idera. Novemba 2020 ilitangaza masharti mapya ya malipo yaliyopunguza kile ambacho miradi huria ilikipata bure, na katikati ya mwaka 2021 tovuti iliyokuwa ya miradi huria ikafungwa. Kwa mradi unaotunzwa na watu wawili watatu wanaojitolea jioni baada ya kazi zao, hapakuwa na mjadala mrefu. Wengi walihamia GitHub Actions, iliyokuwa imefunguliwa kwa wote Novemba 2019.

Je, walihamisha nini? Karibu hakuna kilichohamishwa. Maelekezo ya huduma ya kwanza yalikaa katika faili moja, .travis.yml, ya huduma ya pili hukaa katika mafaili ndani ya folda ya.github/workflows, na kanuni zake ni nyingine. Watunzaji waliandika upya. Kumbukumbu za majaribio ya zamani zilibaki zilikokuwa. Kwa hiyo “mradi umehamia GitHub Actions” ni sentensi ya kweli, ilhali “mfululizo wa uundaji umehamishiwa GitHub Actions” inahitaji maelezo, la sivyo msomaji ataufikiria ufunguo wa kunakili na kubandika.

Tofauti hii hudhuru zaidi kwenye siri, yaani nywila na tokeni ambazo seva huzihitaji ili ichapishe kifurushi kwa niaba ya mradi. Katika Travis CI siri ziliweza kuandikwa ndani ya faili la maelekezo zikiwa zimefumbwa, na ufunguo wa kuzifumbua ulikuwa mikononi mwa huduma hiyo peke yake. Mwongozo unaosema “hamisha siri zako” humfanya mtu anakili mlolongo wa herufi usio na maana popote pengine, kisha ashangae kwa nini kifurushi hakichapishwi. Kiswahili sahihi hapa ni “weka siri upya”. Afadhali kuongeza “na uzifute za zamani”, kwa kuwa tokeni iliyosahaulika katika nyumba uliyoihama bado inafungua mlango.

Tatu nukta kumi

Limesalia suala la kusoma namba za matoleo, ambalo walimu huulizwa zaidi kuliko wafasiri. Namba ya toleo hufanana na desimali lakini si desimali. Baada ya 3.9 inakuja 3.10, nayo husomwa “tatu nukta kumi”. Anayesoma “tatu nukta moja sifuri” ameifanya kuwa desimali, na kwa hesabu ya desimali 3.10 ni sawa na 3.1, ambayo ni ndogo kuliko 3.9. Katika maandishi, “toleo la 3.10” linatosha, “toleo la tatu nukta kumi” liandikwe kwa maneno katika matini ya kusomwa kwa sauti tu.

Kosa hilo huwapata hata wenye mitambo. Python 3.10 ilipotoka Oktoba 2021, miradi mingi iliongeza namba hiyo katika orodha ya matoleo ya kujaribiwa bila kuizungushia alama za mtajo. Kanuni za mafaili ya aina hiyo huichukulia namba isiyo na alama kuwa desimali, sifuri ya mwisho hudondoka, na seva ikaenda kutafuta Python 3.1, toleo la mwaka 2009. Dawa ilikuwa kuandika "3.10" ndani ya alama. Basi mfasiri anayekuta alama za mtajo ndani ya mfano wa msimbo asiziondoe kwa kudhani ni mapambo, wala asiiache programu yake ya kuandikia izipinde: ile iliyopinda, kama kibainishi cha ng’ombe, kwa mashine ni alama nyingine kabisa.